Mwanamke Aliyemtangulia Binti Mfalme Kuvaa

Kabla hajaitwa Kipimo, alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, kwenye chumba cha nyuma chenye joto la kuivisha mayai. Alikuwa na kimo cha kawaida, sura ya kawaida, na mabega ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasifu wala kuyalaumu. Mumewe, fundi bomba, siku za uchumba alimsifia macho, akamsifia sauti, akamsifia hata kucha. Mabega hakuyataja kabisa.

Basi siku moja akaingia dukani mwanamume mrefu, mwembamba kama sindano, amevaa koti lisilo na kunyanzi hata moja, na mkononi ameshika kitambaa cha meza chenye alama ya pasi iliyoungua katikati.

"Nani kafanya haya?" akafoka. "Hiki ni kitambaa cha ikulu!"

Mwenye duka, kama ilivyo desturi ya wenye maduka, akaelekeza kidole chumba cha nyuma. Mpiga pasi akatoka amejikaza, tayari kwa kesi. Yule mwanamume akafungua kinywa amrarue, kisha akakifunga. Akamtazama kuanzia shingoni mpaka miguuni, akarudi tena shingoni.

"Geuka," akasema.

"Nigeuke ya nini? Kitambaa sijakiunguza kwa mgongo."

"Geuka, mama, tafadhali."

Neno tafadhali lilikuwa halijawahi kutamkwa katika duka lile. Akageuka kwa mshangao tu. Akaambiwa akae juu ya kikapu cha nguo, akakaa. Akaambiwa asimame, akasimama. Alipoambiwa ainame kama anayeokota kitu, akashika pasi ya moto.

"Wewe baba, una mke?"

"Nina mke na nina sanamu ya mbao," akajibu yule mwanamume bila kutikisika, "na wote wawili wananisumbua. Inama."

Huyo ndiye alikuwa Fundi Mkuu, mshonaji wa mavazi ya Binti Mfalme. Na shida yake ilikuwa hii. Binti Mfalme wakati ule alikuwa msichana aliyejaa ujana, na kitu alichokichukia kuliko vyote ni kupimwa nguo. Ukimgusa mbavu anacheka, ukimchoma na pini kwa bahati mbaya anakwenda kumwambia baba yake. Kwa hiyo nguo zake zote zilishonewa juu ya sanamu ya mbao iliyochongwa kwa vipimo vyake. Lakini wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Sanamu ilipendeza ikisimama, ila mbao haikai kitako. Juma lililopita Binti Mfalme alikwenda kufungua maktaba, akakaribishwa kiti, akaketi, na gauni likasema *chrrr* mbele ya mawaziri. Bendi ililazimika kupiga wimbo wa taifa mara mbili ili shangazi yake apate muda wa kumsitiri kwa shali. Fundi Mkuu aliapa hatashona tena mpaka apate mwili wa mtu, mwenye vipimo vilevile, unaoweza kukaa, kuinama na kupumua.

Kitambaa kilichoungua kikasahauliwa. Mpiga pasi akaacha kazi kwa dobi.

Karakana ya Fundi Mkuu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Mashine za kushonea zilipangwa kando ya madirisha, sakafu imejaa nyuzi, na kila mtu mle ndani alizungumza na pini mdomoni, ndiyo maana maneno yao yote yalitoka kama ya mtu mwenye jino bovu. Washonaji ndio waliomwita Kipimo, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuvaa. Lakini kuvaa kwenyewe! Alivaa gauni, akapanda ngazi tatu za mbao zisizokwenda popote, akashuka. Alipunga mkono kwa umati usiokuwepo. Aliinama kupokea maua kutoka kwa mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa ndoo. Aliingia na kutoka kwenye gari, gari lenyewe viti viwili na ubao, huku Fundi Mkuu amepiga magoti pembeni akiangalia kama goti linaonekana.

"Tabasamu," Fundi Mkuu alimwambia siku ya kwanza.

"Tabasamu nalo linavuta mshono?"

"Linainua kifua. Tabasamu."

Kabla ya yote aliapishwa. Asimwambie mtu nje ya karakana, isipokuwa mumewe, kwa kuwa mume hakosi kuona alama za pini. Fundi bomba aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani mke wangu anavaa hariri kutwa nzima, halafu anarudi kwangu na kanga ya juzi?"

"Ndiyo kazi."

"Ama kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Yangu inayasitiri vizuri sana," akajibu Kipimo. "Ya mwenyewe ndiyo iliyochanika."

Miaka ile ya kwanza Binti Mfalme alipenda marinda. Alipenda marinda juu ya marinda, na vifundo vya utepe mahali ambapo hata mbuzi wa mnada hafungwi. Mikono ya magauni yake ilikuwa mikubwa kama maboga. Kulikuwa na gauni moja la njano ambalo Kipimo alipolivaa alikwama mlangoni mwa karakana, ikabidi washonaji wawili wamsukume kwa nyuma na Fundi Mkuu amvute kwa mbele, akilia, "Mikono jamani! Iangalieni mikono!" na wala hakuwa akimaanisha mikono ya Kipimo. Gauni lile lilichapishwa kwenye jalada la jarida, na mji mzima ukalipenda.

Aliyelipenda kuliko wote alikuwa wifi yake Kipimo, dada wa fundi bomba. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya vioo vitatu, na kuta zake zote alizibandika picha za Binti Mfalme alizokata kwenye majarida. Alimjua Binti Mfalme kwa misimu, kama mkulima anavyojua mvua. Na kila Kipimo alipopita saluni na blauzi yake ya kijivu, wifi aliguna.

"Wifi yangu, Mungu kakupa umbo, umelifanyia nini? Hebu mtazame huyu." Akagonga ukuta kwa chanuo. "Ungejitahidi hata robo yake."

"Huyo ana watu wa kumvalisha, wifi."

"Mtu havalishwi! Mavazi yako kwenye damu. Unazaliwa nayo au unayakosa. Wewe, usinichukie, umeyakosa."

Kipimo alimeza mate na kiapo chake pamoja. Asubuhi ile ile alikuwa amesimama ndani ya gauni lililo ukutani, akipunga mkono kwa ndoo.

Kisha Binti Mfalme akaolewa na mwanazuoni wa sheria, mtu mpole, mzito wa kusema, na marinda yakafa siku moja. Alitaka kuonekana mtu mzima. Zikaja suti za rangi ya majivu na kola zilizopanda mpaka masikioni, hata Kipimo alipotaka kumtazama aliyemwita ilimbidi ageuke mwili mzima kama gari la mizigo. Zikaja kofia. Moja ilikuwa na unyoya uliopinda mpaka puani, na Kipimo akapiga chafya kiasi kwamba Fundi Mkuu alimeza pini. Waliipata, lakini hiyo ni habari ya daktari.

Binti Mfalme aliposhika mimba ya kwanza, Kipimo ndiyo kwanza alikuwa ametoka kujifungua ya kwake. Miezi ile ya tumbo lake sanamu ya mbao ilikuwa imerudishwa kazini kwa muda. Sasa tumbo lake limerudi ndani, la mwenzake ndilo linatoka. Fundi Mkuu akaleta mto, akamfunga kiunoni kwa mikanda, na kila wiki akaongeza pamba.

Jioni moja, wakati wa kufunga karakana, mvua kubwa ikatishia kushuka. Kipimo, ambaye kifuani maziwa yalikuwa yakimkumbusha kichanga kilichobaki nyumbani, akavua gauni haraka, akavaa nguo zake, akatupia koti, akakimbia. Mto alikuwa ameshauzoea kama alivyozoea pete. Hakuukumbuka. Alikata kona ya barabara, akapita mbele ya saluni, na wifi yake alikuwa mlangoni anaingiza viti.

Wifi akaliona tumbo. Kiti kikamponyoka.

"Wifi! Na kichanga bado hata hakijakaa!"

Kipimo akatazama chini. Angesema nini? Kwamba ni mto? Mto wa nini? Wa nani?

"Wifi, hii... hii ni gesi."

"Gesi? Gesi ya miezi mitano?"

Wateja wawili wakatoka na povu kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa akipita akasimama kubariki. Kabla mvua haijaanza, mtaa mzima ulikuwa na habari, na Kipimo alipofika nyumbani akamkuta mumewe mlangoni, amepokea pongezi kwa majirani watatu, ameshika spana mkononi kama mtu asiyejua bomba limepasukia wapi.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo, "mimi ni fundi bomba, hesabu zangu si nyingi. Lakini hii hainiingii."

Kipimo akafungua koti, akafungua mikanda, akamtupia mto kifuani. Fundi bomba akaukumbatia akacheka mpaka machozi. Lakini mtaa haukuweza kuambiwa ukweli, na wiki ile ile wifi alileta nguo za mtoto alizofuma mwenyewe. Ilibidi tumbo liondoke polepole. Kwa majuma kadhaa Kipimo alitembea mtaani na kanga iliyokunjwa, kila juma imepungua kidogo, mpaka wifi yake akakubali kwa shingo upande kwamba kweli kuna gesi duniani ambazo daktari hajazisoma.

Shida nyingine ilikuwa unene. Binti Mfalme akirudi kutoka ziara za nje ameongezeka, ujumbe ulikuja karakana: Kipimo ale. Akipungua, ujumbe ulikuja: Kipimo apunguze. Fundi bomba akawa anajua hali ya ukoo wa kifalme kwa kutazama sahani ya mkewe.

"Leo umeacha nusu. Mtukufu anafunga?"

"Ana hotuba bungeni. Anataka kiuno."

"Mimi nilioa mke au nilioa futi kamba?"

Katika miaka yote hiyo, watoto wakikua na suti zikibadilika kola, Kipimo na Binti Mfalme hawakuwahi kukutana. Nguo zilipanda gari zikaenda, na zilipopelea zikarudi. Kipimo alimjua mwenzake kwa ndani ya nguo tu. Alijua bega la kushoto limeshuka kidogo. Alijua kwamba Binti Mfalme akiwa na wasiwasi husugua ukingo wa mkono wa kulia, maana pale kitambaa kilirudi kimechakaa.

Kisha yule mwanazuoni akafariki ghafla, na nguo zikawa nyeusi.

Washonaji walishona bila gumzo. Gauni la kwanza jeusi lilimkaa Kipimo sawasawa. La pili lilirudishwa kupunguzwa. La tatu nalo likarudishwa, na Fundi Mkuu akaingiza pini pembeni, pini juu ya pini, mpaka Kipimo akashindwa kuvuta pumzi. Magazeti yaliandika kwamba Binti Mfalme anabeba msiba wake kwa ujasiri na kwamba weusi unampendeza. Kipimo, aliyekuwa amebanwa ndani ya ule weusi, alijua kwamba kule ikulu kuna mtu asiyekula.

Ujumbe ukaja kama kawaida. Fundi Mkuu akautoa akitazama dirisha.

"Inabidi upungue. Sana."

"Hapana," akasema Kipimo.

Mashine zikasimama. Katika karakana ile neno hapana lilikuwa la Fundi Mkuu peke yake.

"Unasemaje?"

"Nimesema sipungui. Nimezaa watoto wanne, nimefunga mito, nimekula wali niliokuwa siutaki na nimeacha wali niliokuwa nautaka. Safari hii hapana. Mwambieni Mtukufu mimi nabaki hapa nilipo. Yeye ndiye aongezeke anifuate."

"Siwezi kupeleka maneno hayo ikulu!"

"Basi peleka gauni kama lilivyo. Litasema lenyewe."

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa mikogo, lakini hakuwa na moyo wa jiwe. Alisimama akatafuna pini zake. Kisha akatoa pini zote ubavuni, moja moja, akalishona gauni kwa kipimo cha zamani, na gari lilipokuja akajikunja akaingia nalo, akamwambia Binti Mfalme kila neno kama lilivyosemwa, hata la wali. Alirudi amepauka, akasema hajui kama bado ana kazi.

Asubuhi iliyofuata, Kipimo akiwa amekaa kwenye gari la viti viwili na ubao, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mwembamba mwenye gauni jeusi lililomning'inia kama pazia, na nyuma yake mlinzi mmoja aliyebaki ngazini. Washonaji wote wakainuka, pini zikamwagika.

"Ni nani aliyekataa kupungua?" akauliza Binti Mfalme.

Kipimo akataka kusimama, lakini lile gari lilikuwa na ubao, na ubao ukamnasa sketi.

"Ni mimi, Mtukufu. Nisamehe, nimekwama kwenye gari."

Binti Mfalme akatazama viti viwili. Akatazama ubao. Akaiona ndoo yenye maua. Akaziona ngazi tatu zisizokwenda popote. Kitu kikamtikisika mabegani, la kushoto kwanza, kisha akacheka. Alicheka kwa sauti ya mtu ambaye hajacheka siku nyingi, mwishoni kicheko kikageuka kilio, akaketi kwenye kiti cha dereva akalia. Kipimo, kwa kuwa alikuwa abiria na hakuweza kutoka, akamwekea mkono mgongoni.

"Pole, dada," akasema. Baadaye Fundi Mkuu alimuuliza alipata wapi ujasiri wa kumwita dada. Akajibu hakuwa na nafasi ya kuchagua neno.

Chai ikaletwa. Binti Mfalme akanywa, na mshonaji mmoja aliyekuwa na mkate wake wa mchana akaukata vipande, akasogeza sahani. Sahani ikaisha.

"Umevaa nguo zangu zote?" Binti Mfalme akauliza.

"Zote, Mtukufu. Kabla yako."

"Ipi uliichukia?"

Kipimo akamtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akatazama dari.

"La njano, Mtukufu. La mikono."

"La njano!" Binti Mfalme akagonga goti. "Nililichukia mimi! Sikuweza kupita mlango wa chooni! Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nilikuwa naongea na ndoo. Na wewe mbona ulilivaa?"

"Watu walilipenda," akasema Binti Mfalme, kisha akatikisa kichwa, kama aliyejisikia akisema jambo la kipuuzi. "Na kingine? Niambie."

"Kola. Kofia ya unyoya. Na mifuko, Mtukufu. Miaka yote hii hujawahi kuwa na mfuko hata mmoja. Mtu anaweka wapi leso yake?"

"Silueti," Fundi Mkuu akanong'ona kwa uchungu. "Mfuko unaharibu silueti, mchoro wote wa umbo."

"Basi iharibike," akasema Binti Mfalme.

Kuanzia hapo alikuja mwenyewe mara kwa mara, akikaa kwenye kiti cha dereva huku Kipimo akivaa, na wawili hao wakabishana kila mshono. Mwaka wa weusi ulipokwisha, umma ulimwona akitoka na gauni pana la buluu, viatu vya chini, mikono miwili imetumbukizwa mifukoni. Nchi ilishtuka. Halafu akalivaa gauni lile lile tena mwezi uliofuata, na nchi ikashtuka zaidi. Majarida yaliandika kurasa juu ya falsafa yake mpya. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba mifuko ile ni ishara ya ukimya wa ndani. Kipimo alijua kilichokuwa ndani: leso, na karanga, kwa kuwa sasa mwenzake alikuwa anakula.

Wifi naye alibandua picha zote za zamani akabandika mpya. "Unaona, wifi?" akasema. "Amekomaa. Mavazi ya mtu anayejijua." Kisha akamtazama Kipimo kwa makini, akainamisha kichwa. "Ajabu. Siku hizi hata wewe unatembea kama yeye."

Kipimo akasema labda ni umri.

Uzee ulikuja, na haukuwafuata wote wawili kwa kipimo kimoja. Kipimo alipanuka nyonga, Binti Mfalme akainama mgongo, na ikafika siku ambayo hakuna nguo ingeweza kuwatosha wote. Binti Mfalme akakubali hatimaye kupimwa mwenyewe. Bado alicheka akiguswa mbavu. Kipimo akastaafu, akaagwa kwa chai, keki na machozi ya Fundi Mkuu, aliyedai ni vumbi la chaki.

Baada ya hapo binti mkubwa wa Kipimo akapata mchumba, na siku ya harusi ikapangwa. Fundi Mkuu, mzee sasa, mikono inatetemeka lakini koti bado halina kunyanzi, akamwita Kipimo karakana amshonee gauni la mama wa bibi harusi, zawadi. Akamfungulia makabati yote. Akamkalisha katikati ya vitambaa.

"Haya. Unataka mshono gani?"

Kipimo akavitazama vitambaa. Alikuwa amevaa hariri, sufu, lasi na mahameli. Alikuwa amevaa nguo za ufunguzi, za maziko, za mabalozi. Sasa alitafuta kichwani mwake, akakuta hakuna kitu.

"Sijui," akasema.

"Rangi gani?"

"Sijui, Fundi. Wewe unaonaje?"

"Mimi leo sioni kitu. Chukua muda wako."

Alikaa mle mpaka washonaji wakaenda kula na wakarudi. Alishika kitambaa, akakiweka. Akasimama mbele ya kioo na hiki, akasimama na kile, akiguna kama wifi yake. Mwishowe akavuta kutoka chini kabisa kitambaa cha rangi ya zambarau kali, chenye maua meupe makubwa kama sahani, kitambaa ambacho Fundi Mkuu alikuwa amekinunua kwa makosa na kukificha kwa aibu.

"Hiki."

Fundi Mkuu akafumba macho. "Una hakika?"

"Nina hakika. Na likae huru. Nataka kula."

Siku ya harusi alikula, akacheza, akakaa na kusimama atakavyo, na hakuna aliyepiga magoti kuangalia goti lake. Kesho yake asubuhi fundi bomba aliamka akamkuta uani anafagia, amevaa gauni lile lile la zambarau, maua yake yanaonekana mpaka nyumba ya nne.

"Mama watoto, hilo si la harusi?"

"Ni langu," akasema, akaendelea kufagia.